Tafakuri ya Siku ya 8: Mfumo Hauulizwi Kaburini

 

Leo tuzungumze jambo ambalo baada ya tarawehe watu huligusa kidogo, kisha kila mtu akashika viatu vyake akaondoka: rangi ya mtu na mkono wa polisi.

Mwaka 2020 Idi ilikuwa Jumapili, tarehe 24 Mei. Kesho yake, mjini Minneapolis, George Floyd alituhumiwa kulipa dukani kwa noti bandia ya dola 20. Askari Derek Chauvin akamkandamiza shingoni kwa goti zaidi ya dakika 9, mpaka roho ikatoka. Tarehe 20 Aprili 2021, wengi wetu huku Marekani tukiwa na mfungo wa 8, mahakama ikamtia Chauvin hatiani. Watu wakasema Alhamdulillah, wakafuturu. Lakini swali likabaki: kosa lilikuwa la mtu mmoja tu?

Wapo wanaosema, "Ni askari mmoja mbaya, kafungwa, yameisha." Wengine wanasema, "Tatizo ni mfumo." Na wapo wa tatu, hawa ni sisi wahamiaji: "Hayo ni ya wao kwa wao. Sisi tumekuja kutafuta riziki." Hebu tuyapime.

Tunaijua habari ya mwanamke wa kabila tukufu la Makhzum aliyeiba. Jamaa zake wakamtuma Usama bin Zayd, kipenzi cha Mtume ﷺ, akamwombee. Mtume ﷺ alikasirika. Akawaeleza kwamba waliotangulia waliangamia kwa sababu mkubwa wao akiiba humwachia, na mnyonge akiiba humwadhibu. Angalieni vizuri: hakusema hawakuwa na sheria. Sheria walikuwa nayo, ila ilikuwa na macho, inachagua wa kumshika. Basi huo ndio mfumo wa dhuluma, na ulielezwa kwetu takriban miaka 1,400 iliyopita.

Aprili 2022, tena ndani ya Ramadhani, Idara ya Haki za Binadamu ya jimbo la Minnesota ilitoa ripoti kuhusu polisi wa Minneapolis. Watu weusi ni kama asilimia 19 ya wakazi wa mji ule. Lakini katika matukio ambayo polisi wenyewe waliandika kuwa wametumia nguvu kwa miaka kama 10, asilimia 63 yaliwapata watu weusi. Hesabu hiyo haifanywi na askari mmoja. Kwa hiyo wa kwanza wamekosea.

Lakini wa pili nao wasikimbilie kufurahi. Neno "mfumo" linaweza kuwa shuka la kujifunika. Ukisema mfumo ndio mkosa, mbona hakuna anayetubu? Mfumo hauulizwi kaburini. Wanaoulizwa ni watu, mmoja mmoja.

Siku ile palikuwa na askari wanne. Mmoja alikuwa na siku chache tu kazini. Aliuliza, na si mara moja, kama wamgeuze Floyd alale ubavu. Mkubwa wake akakataa. Kijana akanyamaza, akaendelea kushika miguu. Naye alitiwa hatiani. Jamani, tusimcheke. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa hapingwi, na adabu hiyo ni nzuri. Ila adabu haijawahi kuwa ruhusa ya kunyamaza mtu akidhulumiwa mbele yako. Hivi ndivyo mfumo unavyosimama: mmoja anatenda, wengine wanamstahi.

Na kundi la tatu, yaani sisi. Askari anaposimamisha gari usiku haulizi kama mzazi wako alizaliwa Mombasa, Bukavu au Alabama. Anaona ngozi. Ndiyo maana mama anamfundisha mwanawe aweke mikono juu ya usukani kabla hajamfundisha kuegesha gari. Na hata kama yasingetufika, je, haki ya jirani inaanza mpaka atufanane? Tena wapo kati yetu wanaomwita Mmarekani mweusi kwa neno la Kiarabu lenye maana ya mtumwa, au wanakataa posa kwa ajili ya rangi tu. Mtu huyo atalaumu vipi polisi? Kaweka mfumo ule ule sebuleni kwake.

Tusidhulumu upande wa pili pia. Suratul Maida, aya ya 8, inatukataza chuki dhidi ya watu isitutoe kwenye uadilifu. Si kila mwenye sare ni dhalimu, na wapo Waislamu waliovaa sare hiyo. Hao tuwaombee ulimi wa kusema siku mwenzao anapovuka mpaka.

Basi fungu la kila mmoja ni lipi? Ni pale mkono wako unapofika. Mwenye kura apige kura. Aliyeona atoe ushahidi. Binti wa miaka 17 alisimama kando ya njia na simu yake, na bila video ile huenda dunia isingejua. Asiye na kura wala simu asafishe ulimi wake nyumbani.

*Swali la futari leo:* ni dhuluma gani ninayoiona na kuinyamazia kwa sababu tu anayeitenda ni mkubwa wangu, au anayetendewa si mwenzangu?

Ya Allah, usitujaalie kuwa madhalimu, wala wasaidizi wa madhalimu. Amin.

Wabillahi tawfiq.