Je, Mtazamaji Ana Deni?

Wahenga wetu walikwisha kuamua habari ya mgeni anayekaa: siku mbili ni mgeni, siku ya tatu apewe jembe. Lakini hawakutuachia neno juu ya mgeni asiyekaa, yule ambaye hakuja kula wala kulala, bali kutazama tu. Je, huyu naye anastahili kupewa jembe? Au kwa kuwa macho hayana pazia, basi hayana deni pia?

Swali hili tulilijadili kwa siku nne pamoja na mwalimu mwenzetu mmoja, tulipokuwa tukiuzunguka mji wa Firenze katika nchi ya Italia. Mji huo unafaa sana kwa mjadala wa namna hii, maana karibu kila pembe yake hutazamwa. Hapo lipo kanisa kuu la Santa Maria del Fiore, ambalo kuba lake lilijengwa na Filippo Brunelleschi baina ya mwaka 1420 na 1436, bila ya jukwaa la mbao la kulishikilia kutoka chini. Hapo ipo sanamu ya Daudi, yenye kimo cha zaidi ya mita 5, ambayo Michelangelo aliichonga kati ya mwaka 1501 na 1504 katika jiwe la marumaru lililokuwa limeanzwa na kuachwa na waliomtangulia. Watu hutoka kila upande wa dunia, wakatazama, kisha wakaenda zao.

Mwenzetu alishika upande wa wasiodaiwa. "Tumelipa kiingilio," alisema tulipotoka kuiona sanamu hiyo. "Anunuaye muhogo sokoni hadaiwi tena na mkulima. Bei imelipwa, maneno yamekwisha."

Hoja hii haifai kupuuzwa, kwani ndiyo hoja ya watu wengi, hata wale wasioitamka. Lakini tulimjibu kwamba muhogo ukiliwa umekwisha, ilhali picha ikitazamwa hubaki vile vile kwa ajili ya atakayekuja kesho. Kiingilio humlipa mlinzi na mfagizi, na huziba paa linalovuja. Hakikununua ile sababu ya picha kuwapo hapo mpaka leo. Sababu hiyo ina historia yake. Ukoo wa Medici, uliopata utajiri kwa kazi ya benki na baadaye ukautawala mji, ulipokaribia kukatika, aliyesalia mwisho alikuwa mwanamke, Anna Maria Luisa. Mwaka 1737 alifanya mapatano na watawala wapya kwamba picha, sanamu, vitabu na vito vya ukoo wake wataachiwa wao, kwa sharti kwamba kisiondolewe hata kimoja kutoka katika mji na dola yake. Alitaja na makusudi yake: viwe pambo la dola, viwafae watu wote, na viwavute wageni waje kuona. Basi mgeni wa macho alikwisha kukumbukwa katika wosia kabla hajazaliwa. Aliyekumbukwa hivyo hawezi kusema kwamba amenunua kitu sokoni, amepokea amana.

Hapo mwenzetu alitoa hoja nyingine, na hii ilitunyamazisha kwa muda. Alituuliza: "Amana ya nani? Ninyi mnamsifu mwenye mali, lakini mali hiyo ilipatikanaje?" Akatukumbusha kwamba mwaka 1363, baada ya tauni ya 1348 kuwamaliza watu, serikali ya Firenze iliruhusu watumwa waletwe kutoka nchi za nje, maadamu hawakuwa Wakristo, na kwamba wengi wa walionunuliwa walikuwa wasichana, waliotumikishwa katika nyumba hizo hizo ambazo milango yake leo hupigwa picha. "Sisi tunaotoka katika bara lililouza na kuuziwa watu," alisema, "tuna deni gani kwa matajiri wa namna hiyo? Kama lipo deni, basi ni wao wanaodaiwa."

Hatukuona, wala hata sasa hatuoni, njia ya kuipangua hoja hii kwa kuikana. Ni kweli tupu. Lakini twadhani haivunji deni, hulihamisha tu. Tulifika naye mbele ya Ospedale degli Innocenti, nyumba ya kulelea watoto waliotupwa, ambayo Brunelleschi alianza kuijenga mwaka 1419 na ikafunguliwa mwaka 1445. Nguzo zake ni nyembamba na matao yake yamepangwa kwa kipimo kimoja. Juu ya nguzo pana sanamu za udongo za vitoto vilivyofungwa nguo za uchanga, kazi ya Andrea della Robbia. Wengine miongoni mwa watoto waliopokelewa humo walizaliwa na wale wale wanawake watumwa. Ndani ya jumba la makumbusho vimehifadhiwa vitu vidogo vidogo walivyoachiwa watoto katika karne ya 19: medali iliyokatwa vipande viwili, kipande kimoja kimefungwa kwa mtoto, cha pili kikabaki kwa mama, ili siku moja, Mungu akijalia, waweze kutambuana. Mwenzetu alisimama hapo muda mrefu kuliko alivyosimama mbele ya Daudi.

Kwa hakika hapo ndipo tulipofahamu kwamba deni la mtazamaji si la mwenye mali. Ni la mama yule mwenye nusu ya medali, ni la mwashi aliyepandisha matofali mpaka kileleni mwa kuba na jina lake halikuandikwa popote. Na malipo yake ya kwanza ni kuona kitu kizima: dhahabu pamoja na mkono ulioichimba. Atazamaye uzuri peke yake amelipa nusu. Na atazamaye dhuluma peke yake, akakataa kuuinulia macho uzuri uliotengenezwa na wanyonge hao hao, naye amelipa nusu.

Je, jembe lenyewe ni lipi? Mara moja lilionekana waziwazi. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika ukaingia mjini. Watu walikufa, na maji yenye matope na mafuta yakazama katika makanisa na maktaba. Katika Maktaba Kuu ya Taifa vitabu na maandishi yapatayo milioni 1 yaliharibika. Katika kanisa la Santa Croce msalaba uliochorwa na Cimabue ulipoteza sehemu kubwa ya rangi yake. Ndipo vijana wa Italia na wa nchi nyingine, wengi wao bila ya kuitwa na mtu, walipojipanga mistari mirefu ndani ya matope wakipokezana vitabu mkono kwa mkono. Watu wa mji wakawaita malaika wa matope. Mgeni alikuwa amepewa jembe, naye akalipokea.

Lakini mafuriko hayaji kila siku, na mgeni wa kawaida hatapata nafasi ya kuwa malaika. Wakati mwingine yeye mwenyewe ndiye mafuriko. Twasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini Firenze mwenyeji ameanza kuugua kwa wingi wa wageni, nyumba zimegeuzwa za kupangishwa kwa siku mbili tatu, na wenye mji huhamia nje. Ndiyo maana mwaka 2023 baraza la mji liliamua kuzuia nyumba mpya za namna hiyo katika mji wa kale. Kwa hiyo pengine jembe la mgeni wa siku zetu ni kupunguza mguu wake: aone machache kwa utulivu, asiyatie mkono, amsalimu mwenyeji, na akirudi kwao asimulie kweli yote, hata ile isiyopendeza.

Twaona jambo hili linatuhusu sisi walimu kwa karibu zaidi kuliko safari yoyote. Wengi wetu tunaofundisha Kiswahili katika nchi zisizo za pwani tuliingia katika lugha hii tukiwa wageni wa macho. Tuliikuta nyumba imekwisha kujengwa na mabaharia, washairi, mama wa nyumbani, na watumwa pia. Tumeitazama, tumeisifu, na wengine wetu twapata riziki kwayo. Mwenzetu, ambaye hajakubali bado kwamba anadaiwa kitu Firenze, juu ya hili hakubisha. Alisema tu kwamba siku zetu mbili zimepita zamani.