Mbegu Zilizokataa Mvua

Saa mbili asubuhi, mgeni aliyeendesha gari usiku kucha kutoka Cape Town hadi Namaqualand, zaidi ya kilomita 450 kuelekea kaskazini kwa barabara ya N7, huenda akadhani amedanganywa. Mbele yake ni majani matupu. Maua yamejikunja. Yatafunguka jua likipanda, kwenye saa nne au saa tano, na alasiri yatafunga tena. Siku ya mawingu mazito huenda yasifunguke kabisa. Wenyeji humshauri atembee jua likiwa mgongoni mwake, kwa sababu maua hulitazama jua, na ajaye upande wa pili huambulia visogo vyao.

Nchi hii kame ya kaskazini-magharibi mwa Afrika Kusini hupata mvua kidogo, nyingi yake wakati wa baridi. Ikinyesha vizuri, Agosti na Septemba nyanda hugeuka rangi ya chungwa, manjano na zambarau. Isiponyesha, mwaka hupita hivihivi.

Subira huvuta heri, tunasema. Lakini mbegu inayongoja mvua ardhini haivuti chochote. Mvua hunyesha au hainyeshi, haimwangalii anayengoja. Basi subira ni nini, ikiwa si kamba ya kuvutia heri?

Ua mashuhuri la huko, la jamii ya alizeti, wanabotania huliita Dimorphotheca sinuata. Kichwa chake kimoja huzaa mbegu za namna mbili: za katikati ni bapa, zina mabawa na huota upesi, za pembezoni ni ndogo, zina vinundu, na huchelewa. Mama mmoja, mvua moja, na bado watoto wengine hutoka na wengine hubaki ndani.

Kwa nini mbegu nzima, iliyokwisha kulowa, ikatae kuota? Mwaka 1966 mwanasayansi Dan Cohen alilieleza jambo hili kwa hesabu. Vizazi vya mimea ya msimu mmoja havijumlishwi, huzidishwa. Mbegu zote zikiota kwa mvua ya kwanza, kisha ukame ukaingia kabla hazijazaa, mwaka huo ni sifuri. Na sifuri hata uizidishe kwa neema ya miaka mia hubaki sifuri. Mbegu inayolala hupoteza mwaka mzuri, na hasara hiyo ndiyo bei ya ukoo kuuvuka mwaka mbaya.

Subira ya namna hii haina ahadi ndani yake. Inakiri kwamba kesho haijulikani, ikajipanga kwa hali zote mbili. Tena ni subira ya ukoo: mbegu moja moja yaweza kungoja mpaka ioze au iliwe na sisimizi. Ndiyo maana binadamu anayehimizwa kuvumilia ana haki ya kuuliza heri hiyo ataila nani. Methali haimjibu, na jangwa halimfichi.

Mgeni wa Namaqualand hupiga picha maua ya mbegu zilizothubutu. Zilizokataa ziko palepale, chini ya udongo unaoonekana mtupu kando ya kijia, zikingoja mwaka mwingine. Ewe msafiri, usiukanyage.