Fedha ya Wastaafu ni ya Nani?

Wazee wa Maramba wangali wanasimulia habari za kipande. Katika mashamba ya mkonge ya zamani, mtu alifanya kazi siku nzima, akatiliwa alama katika kadi yake, na kadi ilipotimia siku 30 ndipo alipolipwa. Lakini jasho la siku ya kwanza lilikuwa lake tangu siku ile ya kwanza. Bwana shamba alimshikia tu mpaka kadi ijae. Mtu aliyefika siku ya 30 akaambiwa kwamba hesabu ya kipande imebadilishwa tangu jana, asingehitaji elimu kubwa kujua kuwa amedhulumiwa.

Twakikumbusha kipande kwa sababu ya neno ambalo limewakosesha usingizi watumishi wa Serikali tangu mwaka 2018, yaani kikokotoo. Mwaka huo Bunge, ambalo wengi wa wajumbe wake walikuwa wa Chama cha Mapinduzi, lilipitisha sheria ya kuunganisha mifuko minne ya pensheni, PSPF, LAPF, GEPF na PPF, kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma uitwao PSSSF. Kanuni zilizofuata ndizo zilizoleta kilio. Mtumishi wa PSPF au LAPF alikuwa amezoea kwamba siku ya kustaafu atapewa nusu ya haki yake kwa mkupuo. Sasa aliambiwa kuwa atapewa robo, na iliyobaki ataipokea mwezi kwa mwezi.

Msomaji asiye mtumishi na atuvumilie kidogo tumwonyeshe hesabu. Mwalimu aliyefundisha miaka 30, ambaye mshahara wake wa mwisho ni shilingi milioni 1 kwa mwezi, kwa hesabu ya zamani alistahili kiinua mgongo cha shilingi milioni 62, na pensheni ya shilingi 333,000 hivi kila mwezi. Kwa kanuni ya 2018 kiinua mgongo kingekuwa milioni 23 na robo, na pensheni 465,000 hivi. Kweli, kila mwezi anazidishiwa shilingi 132,000. Lakini ili nyongeza hiyo ifidie karibu milioni 39 alizopunguziwa mlangoni, itampasa aishi miaka 24 baada ya kustaafu. Akistaafu na miaka 60, sharti afike 84. Wapo wanaofika, Mungu awazidishie.

Tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli, aliyekuwa pia Mwenyekiti wa CCM, alizisimamisha kanuni hizo na kuagiza hesabu za zamani ziendelee mpaka 2023. Muda huo haukutimia. Mnamo Julai 2022 ikaanza kanuni nyingine, ya asilimia 33. Katika bajeti ya Juni 2024 wale waliokuwa wameshushwa kutoka 50 wakapandishwa hadi 40. Kwa upande wa pili vyama vya upinzani, na ACT-Wazalendo ya Bwana Zitto Kabwe miongoni mwao, vilipinga upunguzaji huo tangu mwanzo.

Asilimia ipi ndiyo sawa? Hatutajifanya mabingwa wa hesabu za bima. Kinachotusumbua ni kitenzi kinachotumika majukwaani. Chama kinachotawala husema kimewapa wastaafu. Chama kinachotaka kutawala husema kitawapa. Mtu hupewa kilicho cha mwingine. Lakini pensheni ni mshahara uliokwisha kufanyiwa kazi, ukawekwa. Mtumishi amekatwa asilimia 5 ya mshahara kila mwezi, na mwajiri ameongeza 15, ambazo nazo ni sehemu ya ujira wa kazi ile ile. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake, na Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya kazi wa mwaka 1981, aliiweka pensheni ya uzeeni kati ya haki za mfanyakazi. Haki hailipwi kwa makofi wala kwa kura.

Pale Serikali inapogawa fedha ya wote kwa huruma, hilo ni jambo jingine, na jema. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 posho ya kila mwezi, hata kama maisha yake yote alikuwa mvuvi. Hapo neno kutoa ni halali, na laiti mkata mkonge na mkulima wa machungwa wa huku kwetu wangelisikia. Lakini deni haligeuki kuwa sadaka kwa sababu mdaiwa amelilipa huku akitabasamu.

Serikali imetoa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kwa hesabu ya zamani mfuko ungekauka, na watakaostaafu kesho wasikute kitu. Sababu hii si ya kudharauliwa, maana mwalimu kijana anayeanza kazi leo naye ana haki katika mfuko ule. Lakini yapasa kuuliza mfuko ulidhoofikaje. Kabla ya 1999 watumishi wa Serikali Kuu hawakuchangia. Pensheni zao zilikuwa juu ya Hazina. PSPF ilipoanzishwa mwaka ule ikabebeshwa kuwalipa hata kwa miaka ile isiyochangiwa, na Serikali ikabaki na wajibu wa kuufidia mfuko. Wajibu huo ukalimbikizwa mwaka hata mwaka, hata ilipofika Desemba 2021 ndipo Serikali ilipoutolea mfuko hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17. Miezi saba baadaye kiinua mgongo kikashushwa. Basi mdaiwa aliyechelewa miaka 22 ndiye aliyemwambia mwenye mali kwamba ghala haina chakula cha kutosha, na kwamba atakayejinyima ni yeye mwenye mali. Hili hatuwezi kuliita haki, hata kama hesabu zake za sasa ni sahihi.

Sababu ya pili ni kwamba wastaafu hufuja. Tunawajua waliofuja, tumewazika baadhi yao. Hata hivyo, tumtazame mwalimu wa kijijini aliyekaa nyumba ya shule maisha yake yote. Siku anapostaafu huitoa nyumba ile kwa mwalimu mwingine. Paa lake la uzeeni limo ndani ya kiinua mgongo, na nyongeza ya mwezi kwa mwezi haijengi nyumba upesi. Mtu aliyeaminiwa watoto wetu kwa miaka 30 yafaa aaminiwe mabati yake. Papa Pio wa Kumi na Moja alikwisha kuonya mwaka 1931 kwamba si haki wakubwa kuyachukua mambo ambayo wadogo waweza kuyatimiza wenyewe. Wasiojiweza na washauriwe, na mke na watoto walindwe. Lakini kosa la wachache lisiwe hukumu ya wote.

Wapinzani nao hatuwaachi. Anayeahidi kurudisha asilimia 50 bila kutaja fedha itakakotoka, naye anagawa mali isiyo yake. Anachukua ya yule mwalimu kijana. Mgombea wa chama chochote atakapopanda jukwaani Maramba, aulizwe ni kiasi gani Serikali ingali inadaiwa na mfuko, na italipa lini. Asilimia zije baadaye.

Na kabla hatujainyooshea Serikali kidole, sisi wa Kanisa tunao wapishi, walinzi, madereva, walimu wa shule zetu na wapiga chapa. Sheria yataka michango yao ifike NSSF kila mwezi, asilimia 20 ya mshahara. Katika nyumba ngapi za mapadre fedha hiyo hukatwa kwa mfanyakazi ikaishia kwenye dizeli ya gari la misioni? Maparoko watakapoleta hesabu za mwaka, risiti za michango hiyo na ziwekwe juu ya meza pamoja na hesabu za sadaka, na wafanyakazi wenyewe wawepo zinaposomwa.