Maji ya Ziwa na Jirani wa Bondeni



Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi hapa Mwanza watu hushika mafagio na makoleo, wakateremka hadi mwaloni kuokota chupa, nyavu kuukuu na matambara. Ni kazi njema. (Akina mama hufika mapema kuliko sisi wanaume, na hilo lisemwe.) Lakini yatupasa kuulizana: je, aliyeokota takataka Jumamosi amekwisha kulipa deni lake kwa ziwa?

Hatudhani hivyo. Uchafu tuuonao ufukweni ndio mdogo. Mji wetu umejengwa juu ya miamba, na nyumba nyingi za Igogo, Mabatini na Isamilo zimeng'ang'ania mlimani, ambako kuchimba choo kirefu ni taabu na gari la kunyonya majitaka haliwezi kupanda. Mvua kubwa inyeshapo, wako wanaozibua shimo usiku na kutapisha choo. Asubuhi kila kitu kimekwisha kushuka, mpaka Mto Mirongo, mpaka ziwani. Mwenye nyumba haoni kitu tena. Aonaye ni mama achotaye maji bondeni, na mtoto wake anayeharisha.

Kwa kuwa ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, wengi husema, "Litameza tu." Halimezi. Mto utokao humo ni mmoja, Naili, kule Jinja. Na kinyesi, sabuni na udongo tunaoteremsha huwa mbolea ya mimea ya majini. Wazee wanakumbuka jinsi gugumaji lilivyofunga ghuba zetu miaka ya 1990, mitumbwi isipate pa kupita. Wadudu walioletwa kulila walilipunguza sana mwishoni mwa miaka hiyo, lakini chakula chake hatukukiondoa, nalo hurudi.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, awakemea kondoo wanono wanaokunywa maji safi, kisha wakayavuruga kwa miguu yale yaliyosalia, hata wenzao wakanywa tope. Kosa lao si kiu. Hawakugeuka kutazama nyuma.

Basi tumlaumu mtu wa mlimani? Hapo twende polepole. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeweka meta 60 kutoka ukingoni kuwa eneo la kuhifadhiwa, na wengi wetu tukisikia "kutunza ziwa" twafikiri ni meta hizo tu. Ziwa laanzia juu kabisa, penye choo cha mwisho. Na mjane mwenye wapangaji sita na shimo moja hatapishi kwa ubaya wa moyo, hana njia. Palipolazwa mabomba madogo ya majitaka juu ya miamba, njia ilipatikana. Sisi ambao nyumba zetu zina bomba tayari ndio tuliotangulia kunywa.

Kwa hiyo twaliomba baraza la kanisa lizungumze kama sehemu ya sadaka ya mavuno mwaka huu yaweza kuunganisha nyumba mbili tatu za mlimani, hata zile ambazo wenyewe hawasali kwetu. Twajua wapo watakaosema kwamba sadaka ya madhabahuni haiendi chooni. Waje kikaoni, tuwasikie.