Ukoo wa Aliyekuja Bila Ukoo

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Zanzibar na zaidi ya watu 50 waliokombolewa utumwani, wanaume kwa wanawake. Walishuka Lindi, wakashika njia ya bara. Nia ilikuwa kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa, nchi ambako wengi wa watumwa wa pwani walikuwa wametekwa. Huko hawakufika. Walipoiona Masasi, na ardhi yake iliyo chini ya vilima vya mawe, wakatua mizigo na kuanza kujenga.

Walikuwa walowezi, lakini walowezi wasio na kwao. Aliyetekwa akiwa mtoto hakuwa na hakika hata ya jina la kijiji alikozaliwa.

Katika nchi ile, upungufu huo ulikuwa mzito kuliko umaskini. Ukienda Chiola, kata ya Nachingwea, na kusonga mbele hadi Ruangwa, uko katika nchi ya Wamwera. Wao, sawa na Wayao, Wamakua na Wamakonde, kwa desturi wanahesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa akina mama yake. Mjomba ndiye anayesimama kwenye posa, kwenye ugomvi na kwenye msiba. Wahenga walioombwa kwa unga uliomwagwa chini ya mti walikuwa wa upande huohuo.

Sasa mtazame mwanamke aliyenunuliwa. Hana kaka, kwa hiyo wanawe hawana mjomba. Wakuu wa Wayao waliielewa sana hesabu hiyo. Walioa watumwa wakijua kwamba hakuna ukoo utakaokuja kuwadai watoto, nao watoto wakabaki kuwa watu wa baba. Utumwa ulimnyang'anya mwanamke yule nguvu za mikono yake, kisha ukamnyang'anya wahenga.

Swali la imani linaanzia hapo. Mtu aliyekatwa na wahenga wake, akifa anakwenda kwa nani? Na wajukuu wake wanapotaka kuwataja waliotangulia, waanze na jina gani?

Mbali na Masasi, swali hilo lina upande wake wa pili. Charles Carroll alizaliwa Ireland mwaka 1661, akafika koloni la Maryland, Marekani, mwaka 1688. Watu wa uzao wake wamemwita Mlowezi, na historia ya familia yao inaanza naye. Ukatoliki ulimgharimu cheo chake, kwa kuwa Waprotestanti walitwaa serikali ya koloni mara baada ya yeye kufika. Hata hivyo alikusanya ardhi, akaacha mali na jina, na mwaka 1776 mjukuu wake alitia saini Azimio la Uhuru wa Marekani, Mkatoliki pekee miongoni mwa waliosaini. Lakini mjukuu huyohuyo alimiliki mamia ya watumwa. Ukoo uliokimbia dhuluma ya kidini ulijengwa juu ya mgongo wa watu waliofutiwa koo zao.

Maandiko hayakulipita jambo hili kimya. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 23, Ibrahimu anajitambulisha kwa wenyeji wa Kanaani kuwa ni mgeni, kisha ananunua shamba na pango la Makpela kwa shekeli 400 za fedha ili amzike Sara. Ardhi ya kwanza anayoimiliki katika nchi aliyoahidiwa ni kaburi la mkewe. Kurani nayo, katika Suratul Ahzab, aya ya 5, inaagiza watoto wa kulea waitwe kwa majina ya baba zao. Na baba zao wasipojulikana, hao ni ndugu katika dini. Asiyejua nasaba yake hakuachwa nje ya mlango.

UMCA, misheni ya Askofu Steere, ilitoa jibu la aina hiyo. Cecil Majaliwa, Myao aliyetiwa utumwani akiwa mtoto, alilelewa na misheni Zanzibar, akasoma hadi Canterbury, na mwaka 1890 akawa padri wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo. Alitumika Chitangali, kwa Wayao wa chifu Nakaam. Kwa njia ya upadri, mtoto aliyepotezewa kwao alisimama mbele ya Wayao wenzake kama baba.

Hata hivyo, ubatizo peke yake haukutosha. Vincent Lucas, askofu wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, alitambua kwamba Mkristo asiyepita jandoni alihesabiwa mtoto hata akiota mvi. Akaliingiza jando ndani ya Kanisa. Alikuwa amekubali kwamba imani haiwezi kumtendea mtu kana kwamba hana wazee.

Wale wa Masasi walijipatia wazee kwa njia ngumu. Mwaka 1882 Wangoni walikivamia kijiji, wakaua na kuteka, na misheni ikahamia Newala. Baadaye kituo kilifufuliwa. Mwaka 1905, wakati wa Vita vya Majimaji, kikachomwa moto, kikajengwa tena. Waliozikwa katika ardhi ile ndio waliokuja kuwa wahenga, ingawa wao wenyewe hawakuwa na mhenga wa kumtaja.

Nachingwea nayo ilipokea wengi. Mpango wa kilimo cha karanga ulioanza mwaka 1947 ulileta vibarua na reli kutoka pwani. Baadaye wapigania uhuru wa Msumbiji waliweka kambi hapo. Simulizi za Wamwera wenyewe zinataja safari ya kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Kila ukoo una mtu wake aliyefika akiwa mgeni.

Kwa hiyo ukoo upimwe kwa jinsi ulivyomtendea aliyekuja hana mjomba. Kwa kipimo hicho, jina kubwa la Carroll lina deni lisilolipika, na bibi aliyenunuliwa kisha akalea watoto hadi wakazaa wenzao ana haki kamili ya kuitwa mhenga. Wazee wa Chiola na Ruangwa, minong'ono juu ya asili ya mtu ikomesheni kwenye posa na kwenye misiba. Bibi huyo atajwe kwa jina lake, na wajukuu wafundishwe njia aliyopita.