UAMSHO UNAPIMWA KWA NINI?



Hapa Katogota na kote katika bonde la Ruzizi tunapenda kuhesabu. Kampeni ya Injili ikiisha, tunaulizana: wameokoka wangapi? Wamebatizwa wangapi? Na wahubiri wengi hutaja Wakorea kuwa mfano, maana kanisa lao lilikua upesi. Basi tuuangalie mfano huo vizuri.

Injili ya Luka ilichapwa kwa Kikorea mwaka 1882, huko Manchuria, kwa kazi ya John Ross wa Uskoti na Wakorea waliomsaidia. Mmoja wao, Seo Sang-ryun, aliingiza vitabu kwao. Katika kijiji cha Sorae watu walikuwa wakisali tayari kabla wamisionere Underwood na Appenzeller hawajafika mwaka 1885. Tangu mwaka 1890 wakashika kanuni: Wakorea wajenge makanisa kwa fedha zao, na wahubiriane wao kwa wao.

Lakini moto uliwaka Januari 1907 mjini Pyongyang. Mzee wa kanisa Gil Seon-ju alisimama mbele ya mkutano, akaungama. Rafiki yake alipokaribia kufa alimwachia mali aitunze kwa ajili ya mjane, naye akajitwalia sehemu ya fedha. Akaahidi kumrudishia yule mama. Wengine wakafuata, wakaungama wizi na chuki, wakaenda kurudisha vya watu. Angalieni, ndugu! Mzee yule hakuhesabu watu. Alihesabu deni lake. Ndivyo Zakayo alivyofanya, katika Injili ile ile ya Luka (Luka 19:8).

Jambo kama hilo lilitokea pia kwa jirani zetu. Miaka ya 1930, kule Gahini, Rwanda, watu waliungama hadharani na kurudisha vitu vya wizi, na Uamsho ukaenea Uganda, Burundi hata Kongo. Lakini mwaka 1994, katika nchi hiyo iliyojaa makanisa, watu waliuawa hata ndani ya nyumba za sala. Wako Wakristo waliowaficha jirani zao kwa kuhatarisha maisha yao. Wengine walishika panga.

Korea nayo haikukosa jaribu. Cho Yonggi alianza mwaka 1958 katika hema na watu 5. Kanisa lake likafikia mamia ya maelfu. Mwaka 2014 mahakama ya Seoul ilimtia hatiani kwa kulitia kanisa hasara ya fedha nyingi. Sensa ya mwaka 2015 ilionyesha kwamba karibu mtu 1 kati ya 5 Korea ya Kusini ni Mprotestanti. Hesabu ni kubwa, lakini haikumzuia mchungaji kuanguka.

Mtu atauliza: je, kukua ni kubaya? Hapana. Siku ya Pentekoste waliongezeka 3000. Lakini sisi wakulima tunajua: muhogo unaweza kuwa na majani mengi juu, ukiung'oa, chini hakuna kitu.

Na kuna deni lisilolipika. Mei 2000, wakati wa vita, ndugu zetu wengi waliuawa katika kijiji hiki. Ng'ombe hurudishwa, gunia la mpunga hurudishwa, mtu harudishwi. Hapo toba inabaki na kazi gani? Kusema kweli, na kukubali hukumu ya haki. Kumhimiza mjane asamehe wakati mwenye deni anaimba kwaya na kunyamaza, ni kumnyang'anya mara ya pili.

Kwa hiyo, mpendwa msomaji, Jumapili hii, kabla mashemasi hawajahesabu watu, kila mmoja ajiulize: nina kitu cha nani nyumbani mwangu? Mpaka wa shamba niliusogeza? Kilo yangu sokoni ni ya kweli? Nilishuhudia neno gani nikalificha? Uamsho uanzie hapo, hata kama sisi ni watu 5 tu.

Bwana atusaidie. Amina.