Mgonjwa wa Akili ni Mwana wa Nyumba

Kila mwaka tarehe 11 Februari, sikukuu ya Bikira Maria wa Lourdes, Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani, ambayo Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliiweka mwaka 1992. Katika parokia nyingi za nchi yetu wagonjwa huletwa kwenye Misa siku hiyo. Huja vikongwe wakishikwa mkono, huja vipofu, huja wenye magongo, huja mama aliyepasuliwa juzi, naye padre hupita kati yao akiwapaka mafuta matakatifu. Ni jambo la kupendeza. Lakini hebu tujiulize, wasomaji wetu: katika mabenchi yale ya mbele, ni nani kati yetu amepata kumwona kijana mgonjwa wa akili, ameketi kando ya mama yake, akingoja zamu yake?

Hayupo. Wala si kwamba parokia haina wagonjwa wa namna hiyo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba ule ugonjwa mzito uitwao skizofrenia, ambao humfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo na kuamini mambo yasiyokuwapo, humpata mtu mmoja katika kila watu 300 hivi. Basi parokia yenye waamini 6,000 yaweza kuwa nao kama 20, nasi hapo hatujahesabu wenye sonona na magonjwa mengine ya akili, ambao ni wengi zaidi. Wako wapi hao 20? Wamo majumbani mwetu, katika chumba cha nyuma.

Tuchukue mfano wa mahali pamoja, si kwa kuwa watu wa huko ni wabaya kuliko wengine. Ihanda iko katika wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe, kando ya barabara kuu itokayo Vwawa kwenda Tunduma. Ni nchi ya Wanyiha, nchi ya kahawa na mahindi, na malori yaendayo Zambia huipita mchana na usiku. Tuseme huko yuko kijana wa miaka 19 aliyekwenda Tunduma mpakani kutafuta kazi ya kupakia mizigo. Baada ya miezi sita wenzake wamemrudisha kwao. Halali usingizi. Husema peke yake. Hukataa ugali wa mama yake kwa kuwa, ati, umetiwa sumu. Usiku mmoja amempiga mdogo wake. Mfano huu tumeutunga sisi, lakini msomaji wa Ihanda, na wa Bukoba, na wa Masasi, aijua nyumba ambamo ungekuwa kweli tupu.

Nini hufuata? Baba asema ni bangi, na pengine bangi imo, kwani ni kweli kwamba huweza kuuharakisha ugonjwa huu kwa kijana aliye na mbegu yake. Shangazi asema amelogwa, na jina la jirani lanong'onwa. Mganga ng'ambo ya mpaka ataka ng'ombe. Kisha aja mhubiri wa mahema, asema ni pepo, akataza dawa zote. Mwaka wapita. Ng'ombe amekwisha, akiba ya kahawa imekwisha, jirani hasalimiani tena na nyumba ile. Naye kijana amefungwa kamba katika stoo ya mahindi. Mwaka huo mmoja uliopotea ndio ulio na thamani kuliko yote, maana matabibu wamekwisha kuona mara nyingi kwamba mgonjwa anayeanza kutibiwa mapema hupata nafuu kuliko yule aliyecheleweshwa.

Hatuwalaumu wazazi hao kwa wepesi. Mzazi aliyefunga mlango wa stoo hakufanya hivyo kwa chuki. Aliogopa moto, aliogopa yale malori barabarani, aliwaogopea watoto wadogo. Lakini yatupasa kusema wazi: mnyororo si malezi. Usiku wa ghasia yafaa mapanga na mashoka yaondolewe, waitwe ndugu wawili watatu wenye sauti ya upole, mwenyekiti wa kitongoji apewe habari, na mgonjwa afikishwe hospitali. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 yawapa ndugu njia ya kumpeleka mgonjwa kwenye matibabu hata akikataa mwenyewe. Tena kuna sababu nyingine ya kuwahi hospitali: malaria iliyopanda kichwani na homa nyingine kali huweza kumvuruga mtu akili kwa siku chache tu, na hizo huua kama hazikutibiwa.

Tumsikilize sasa Bwana wetu. Katika sura ya tisa ya Injili yake Mtakatifu Marko asimulia habari ya baba mmoja aliyemleta mwanawe kwa wanafunzi, kijana aangukaye motoni na majini. Wanafunzi hawakuweza kitu. Mtu akisoma vizuri ataona kwamba Yesu alipofika, watu hawakuwa wakimtazama kijana. Walikuwa wakibishana na walimu wa Sheria. Hivi sivyo yalivyo hata leo? Mgonjwa amelala chini, nasi twashindana ni nani aliyemloga. Bwana wetu hakumwuliza yule baba amekosa nini, wala mke wake alikula mwiko gani. Alimwuliza jambo moja: mambo haya yalianza lini. Ndilo swali la kwanza la mganga wa hospitali pia. Akamwacha baba aeleze yote, akaipokea hata imani yake iliyopungua.

Tena Marko huyo huyo, katika sura ya tatu, asema kwamba jamaa za Yesu walitoka kwenda kumkamata kwa kuwa ilisemwa amerukwa na akili. Twapenda kuipita aya hiyo haraka. Tusiipite. Bwana wetu aliyapata maneno hayo kutoka kwa watu wa ukoo wake, na kila mwana aitwaye kichaa nyumbani kwao anaye Mkombozi aliyeitwa hivyo kabla yake.

Juu ya mapepo, maana twajua swali hilo litaulizwa. Kanisa huamini kwamba shetani yupo. Lakini Katekisimu, namba 1673, yafundisha kwamba ugonjwa, na hasa wa akili, ni jambo lingine kabisa, nao ni kazi ya tiba; kabla ya kufukuza pepo ni lazima kuhakikisha kwamba hapana ugonjwa. Na sheria ya Kanisa, kanuni 1172, hairuhusu mtu yeyote kumpungia pepo mwenye kupagawa bila ruhusa ya pekee ya Askofu, naye Askofu hampi ruhusa hiyo ila padre mwenye uchaji, elimu na busara. Basi Mkristu amwonaye mtu akimkemea mgonjwa hema zima likipiga makofi, na kumwagiza atupe vidonge, ajue kwamba huyo hana idhini ya Kanisa. Kusali juu ya mgonjwa ni kwema. Na mgonjwa anywe dawa zake, kisha tusali.

Aibu ndiyo iwafungiayo wengi mlango. Watu husema, nyumba ile ina laana. Kama ndivyo, tuseme nini juu ya nyumba ya Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu? Baba yake, Louis Martin, alipata ugonjwa uliomvuruga akili uzeeni. Mwaka 1888 alitoweka nyumbani, binti zake wakamtafuta kwa uchungu mwingi, na mwezi Februari 1889 alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Caen, Ufaransa, akakaa huko miaka mitatu. Watu wa mji wakasema ati binti zake ndio waliomtia wazimu kwa kwenda utawani. Teresia, msichana wa miaka 16, aliyasikia hayo. Tarehe 18 Oktoba 2015 Papa Fransisko alimtangaza Louis kuwa mtakatifu, pamoja na mkewe Zélie. Altareni basi yupo mtu aliyelala miaka mitatu katika hospitali ya akili.

Naye Mtakatifu Yohane wa Mungu, mwanzilishi wa shirika la watawa wauguzi, alifungwa na kuchapwa viboko kama mwehu katika hospitali ya mji wa Granada, kwani kuchapwa ndiyo ilikuwa dawa ya siku zile. Alipotoka alianzisha nyumba ya kulaza wagonjwa wasiokuwa na mtu, wala hakuweka kiboko humo. Watawa wake wako karibu nasi kuliko tunavyodhani: ng'ambo ya mto Songwe, nchini Malawi, mjini Mzuzu, wamekuwa wakiwatunza wagonjwa wa akili tangu miaka ya 1990. Kwetu, ndugu zetu Walutheri walianza kazi hiyo huko Lutindi, katika milima ya Usambara, tangu mwanzo wa karne iliyopita, na Serikali ina hospitali ya Mirembe, Dodoma, tangu miaka ya 1920. Lakini mzazi wa Ihanda asidhani kwamba ni lazima asafiri mpaka Dodoma. Aanzie hospitali ya Vwawa, na ikilazimu aandikiwe kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya. Mirembe ni kwa wachache ambao hali yao yahitaji hivyo.

Juu ya dawa twataka kukaa kidogo, maana hapo ndipo nyumba nyingi hushindwa. Dawa hizi hazifanyi kazi siku moja kama ile ya kichwa kuuma. Usingizi hurudi kwanza. Zile sauti hupungua polepole, huchukua majuma. Halafu mama aona mwanawe amekakamaa, mikono yatetemeka, mate yamtoka, asema, dawa zamwua mwanangu, akazifukia shambani. Asifanye hivyo. Arudi kwa mganga aeleze, kwa kuwa kipimo huweza kupunguzwa, dawa huweza kubadilishwa, na kuna dawa nyingine ya kuondoa ukakamavu huo. Kosa la pili huja miezi mingi baadaye, kijana anapokuwa mzima, analima, anacheka. Husema amepona, vidonge vya nini? Baada ya muda ugonjwa warudi, mara nyingi kwa nguvu zaidi. Kwa asahauye vidonge iko sindano ya kila mwezi, yafaa kuiulizia. Na nyumbani asisemwe kwa kelele wala kwa masimango. Apewe kazi ndogo aiwezayo, kuchambua kahawa, kuchota maji, na asiitwe jina jingine ila lile la ubatizo.

Kuna nyumba ambazo yamekwisha kutokea yale tusiyotaka kuyataja, mwana akaukatisha uhai wake kwa mkono wake. Wazazi hao wajue kwamba Kanisa halijamhukumu. Katekisimu, namba 2282 na 2283, yasema kwamba vurugu kubwa ya akili hupunguza lawama ya mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Sheria ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya Kanisa wale waliojiua kwa makusudi; sheria ya mwaka 1983 haiwataji tena. Kwa hiyo katekista au mzee wa kanisa asiwazuie wafiwa mlangoni. Waende kwa paroko. Na mzazi asikiaye mwanawe akisema heri nife, asimkemee. Akae naye, asimwache peke yake, aweke mbali dawa za shamba, na wafike hospitali siku hiyo hiyo.

Jumuiya ndogo ndogo nazo zina lao. Zimezoea kwenda kumwona mwenye kuvunjika mguu, zikibeba sukari na sabuni. Kwa mgonjwa wa akili haziendi. Twaomba WAWATA wa kila kigango wahesabu nyumba hizo, wasikae huko kuhoji, bali mmoja abaki na mgonjwa Jumapili ili mama apate kwenda Misani, ambako pengine hajafika tangu mwaka jana, na mwingine achangie nauli ya siku ya kliniki. Paroko naye aulizwe juu ya Komunyo ya mgonjwa mwenyewe, ambaye ni Mkristu mbatizwa. Yohane Paulo II, akisema na wauguzi mwaka 1996, alikumbusha kwamba mwenye ugonjwa wa akili daima anayo sura na mfano wa Mungu, kama mtu mwingine yeyote.

Limebaki swali waliulizalo wazazi usiku wasipopata usingizi: mimi nikifa, nani atamtunza? Lisingoje siku ya matanga. Baba angali hai aite wanawe wote na msimamizi wa ubatizo wa mgonjwa, aseme mbele yao ni miche ipi ya kahawa iliyo ya huyu, na nani ataivuna kwa niaba yake, na chumba chake ni kipi. Iandikwe, wasaini mashahidi, nakala ibaki kwa paroko. Mmoja wa ndugu zake aanze sasa kufuatana naye kliniki, ayajue majina ya dawa na siku ya sindano, mganga naye amjue. Kadi ya kliniki isikae katika sanduku la mama lenye kufuli. Itundikwe mahali ambapo kila mtu wa nyumba ile anapajua.